Hedifoni Inabana, Inalemea, Inapukutika: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za hedifoni za bei kubwa zinazotufikia haziulizi habari za sauti. Zinauliza kwa nini taya zinauma, kwa nini mito ya masikioni inabanduka, na kifaa cha thamani kama hicho kibebwe vipi bila kuvunjika. Maswali haya si madogo. Hedifoni ya milioni moja isiyokaa sawa kichwani inaweza kutoa sauti mbovu kuliko ya laki moja iliyokaa sawa, na mwenye nayo akadhani ametapeliwa.

Nimenunua Sennheiser HD 650 mpya. Sauti naipenda, lakini ikifika nusu saa taya zinauma na masikio yanawaka moto. Je, nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Arusha)

Hapana, ndugu yetu. HD 600 iliyotoka mwaka 1997 na HD 650 iliyotoka 2003 zina sifa hiyo: zikiwa mpya zinabana kwelikweli. Ndani ya tao la juu mna vipande vya chuma vinavyosukuma vikombe vya masikio kuelekea kichwani, na mito ya mahameli bado haijalainika. Uzito wake bila waya ni gramu 260 tu, kwa hiyo kinachokuumiza si uzito, ni mbano. Watu huvichanganya viwili hivi, na dawa zake ni tofauti.

Anza na njia ya polepole. Pima upana wa kichwa chako kutoka juu ya sikio moja hadi juu ya jingine, kisha tafuta boksi au panga vitabu vyenye upana unaozidi hapo kwa sentimita moja. Ivishe hedifoni hapo ilale usiku kucha, mito ikiwa imegusa sawasawa pande zote. Asubuhi ijaribu kwa muda mrefu, si dakika mbili za kujiridhisha. Ikiwa bado inabana, ongeza nusu sentimita usiku unaofuata.

Siku zikipita bila nafuu, kunja chuma chenyewe. Vuta tao hadi mwisho pande zote mbili ili chuma kitokeze. Kishike kwa mikono miwili, mkono mmoja juu na mwingine chini ya sehemu unayotaka kuinyoosha, ukisukume kuelekea nje kidogo sana, ukijaribu kila baada ya kukunja. Usishike vikombe ukavitanua: nguvu yote itaishia katikati ya tao, penye plastiki, na hapo ndipo hupasuka. Moto na mashine ya kukaushia nywele viache kabisa.

Jua pa kuishia. Ukitikisa kichwa kushoto na kulia hedifoni isihame, na ukiinama kufunga kamba za viatu isidondoke. Ukilegeza kupita hapo, mwanya unatokea chini ya sikio na besi inakimbilia huko.

Audeze LCD-X yangu hainibani hata kidogo, lakini baada ya saa moja utosi unauma kama umegongwa. Nimeweka kitambaa chini ya tao, bado. (Msomaji, Nairobi)

Hapa tatizo ni uzito. LCD-X ina gramu 612, zaidi ya mara mbili ya HD 650. Focal Utopia ina 490, na hata AirPods Max ya kubebwa barabarani inakaribia 385. Uzito huo ukikalia sehemu moja ya utosi, ngozi ya pale hufinywa dhidi ya mfupa na maumivu hufuata. Kitambaa hakisaidii sana kwa sababu kinaongeza unene bila kupanua eneo linalobeba.

Tazama kwanza urefu wa tao. Wengi hulifupisha mno, vikombe vikaning'inia juu yake na utosi ukabeba kila kitu. Fungua tao hadi mwisho, weka vikombe katikati ya masikio, kisha lishushe hatua kwa hatua mpaka liguse kichwa tu. Likigusa, simama. Mito nayo inatakiwa ibebe sehemu ya mzigo kwa kushika mashavu na nyuma ya sikio, na ndiyo maana hedifoni nzito iliyolegezwa sana huumiza utosi kuliko ile inayobana kiasi.

Kisha badilisha mahali. Lisogeze tao mbele sentimita mbili, baada ya dakika 20 lirudishe nyuma. Kama toleo lako lina tao la zamani lenye mto tu, tafuta lile lenye mkanda mpana wa ngozi unaoning'inia chini ya chuma. Mkanda huo hufuata umbo la kichwa na kuutawanya uzito. Tunauona ni matumizi bora ya fedha kuliko waya wa bei mbaya. Waya wenyewe pia uangalie: ukiwa mnene na unaning'inia hadi sakafuni, unavuta vikombe chini. Upitishe juu ya meza au uubane kwenye shati.

Navaa hijabu, na kazini natumia Sony WH-1000XM4. Wenzangu wanasema inazima kelele zote, mimi nasikia kila kitu, na besi sina. Nifanyeje bila kuvua ushungi? (Msomaji, Zanzibar)

Dada, hedifoni yako huenda ni nzima kabisa. Hedifoni za aina hii zinategemea mto uzingire sikio bila kuacha mwanya. Sauti nzito, yaani besi, hutokana na hewa iliyofungiwa kati ya spika na sikio. Hewa hiyo ikipata pa kutokea, besi ndiyo ya kwanza kupotea. Kuzima kelele nako kunaathirika, maana maikrofoni ya ndani ya kikombe inapima kelele iliyoingia ili itengeneze sauti ya kuipinga. Mkunjo mmoja tu wa kitambaa chini ya mto unatosha kuharibu hesabu hiyo.

Fanya jaribio hili. Cheza wimbo wenye besi ya mfululizo, kisha bonyeza vikombe vyote viwili kwa viganja, taratibu. Besi ikipanda ghafla, una mwanya. Zungusha kidole pembezoni mwa mto ukitafuta pale kitambaa kilipojikunja. Mara nyingi ni nyuma ya sikio kuelekea shingoni, ambako ushungi umerudishwa na kubanwa.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kuvaa kwa tabaka. Vaa kininja chembamba cha pamba ya kuvutika kilichonyooka juu ya masikio, tabaka moja tu, weka hedifoni juu yake, kisha ushungi uje juu ya hedifoni. Kitambaa kimoja kilichonyooka kinapitisha hewa kidogo, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko mikunjo mitatu. Njia hii ina kasoro mbili. Kikombe cha kulia cha XM4 kinapokea amri kwa kuguswa, na ushungi ukikisugua unaweza kusimamisha wimbo au kukata simu. Izime sehemu hiyo kwenye programu ya Sony iliyo kwenye simu yako, vitufe vya kikombe cha kushoto vitabaki. Ya pili ni mkwaruzo unaosikika kitambaa kinapopita kwenye maikrofoni za nje. Chagua kitambaa laini kisichokakamaa, uache nafasi kidogo mbele ya kikombe.

Na pini. Spika ya hedifoni ina sumaku kali, na pini ya chuma iliyo karibu na sikio huvutwa. Tumeona mto uliotobolewa matundu madogo mfululizo upande mmoja, ngozi bandia ikaanza kuchanika kutoka hapo. Bana ushungi chini ya kidevu au begani, mbali na vikombe.

Wenye miwani mnaosoma hapa, habari ni ileile. Mkono mnene wa plastiki unainua mto na kufungua mwanya mbele na nyuma yake, tena unaukandamiza mfupa wa juu ya sikio hadi unauma. Fremu nyembamba ya chuma na mto mnene, laini, hupunguza yote mawili. Wenye rasta nao wasogeze nywele nyuma ya mto kabla ya kuvaa, si baada.

Kuna sababu nyingine ya kujali mwanya. Anayekosa besi huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10.

Mito ya hedifoni yangu inapukutika vipande vyeusi, vinabaki masikioni. Haina hata miaka miwili. Nipake mafuta? (Msomaji, Tanga)

Usipake. Hiyo ni ngozi bandia ya poliyurethani, na unyevu huivunjavunja kutoka ndani. Joto, jasho na mafuta ya nywele huharakisha. Kwa mtu wa pwani, mito hii ni ya kubadilisha mara kwa mara. Ihesabu kwenye gharama tangu siku ya kununua.

Kurefusha maisha yake, ifute kila baada ya kuitumia kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Spiriti inakausha ngozi na kuipasua. Usiifungie hedifoni kwenye kasha ikiwa bado na jasho. Iache nje dakika 30 kwanza.

Kubadilisha ni rahisi kwa nyingi. Kwenye XM4 yako kama ndiyo hiyo, au ndugu zake, ingiza ukingo wa kadi ya plastiki kati ya mto na kikombe, uinue kidogo, uzunguke. Vijino vya plastiki vitaachia kimoja kimoja. Usitumie bisibisi. Mto mpya ubonyeze kuzunguka mpaka usikie vyote vimeingia. Kikombe cha kushoto cha XM4 kina kihisi kinachotambua kama umevaa; mto wa bei rahisi wenye kitambaa kinene kinachokifunika hufanya muziki usimame wenyewe, na watu hudhani hedifoni imekufa. Za Audeze kama LCD-X mito imegundishwa kwa gamu: bandua polepole kwa kidole kuanzia ukingo mmoja, usichomeke kitu chenye ncha, kwani kiwambo, yaani utando unaotetemeka kutoa sauti, kiko hapo ndani karibu sana.

Nasafiri Muscat na Dar mara kadhaa kwa mwaka, na nikiwa Dar napanda daladala. Hedifoni yangu ibebwe vipi? (Msomaji, Muscat)

Kasha gumu, si mfuko wa kitambaa. Ndani ya begi la mgongoni adui mkubwa ni mgandamizo: begi likibanwa kwenye daladala, kikombe kinasukumwa upande usio wake na bawaba inakatika. Chagua kasha ambalo umbo la ndani linafuata hedifoni yako. WH-1000XM4 na XM6 zinakunjika, XM5 haikunjiki, vikombe vyake vinageuka tu kulala bapa, kwa hiyo kasha la moja haliwezi kuitosha nyingine. Kifuko kilichokuja na AirPods Max kinaacha tao nje. Usikitegemee ndani ya begi lililojaa.

Kabla ya kufunga, chomoa waya. Jeki iliyobaki imechomekwa ikigandamizwa pembeni huvunja tundu lake, na kuliunganisha upya ni kazi ya fundi. Viringisha waya kwa duara pana kama kiganja, uuweke kwenye mfuko wake, usigusane na mito wala matundu ya spika. Tao lirudishe hadi mwisho kabla ya kukunja. Weka kipakiti cha silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ukibadilishe mara kwa mara. Kasha liwe upande wa mgongo wako, chupa ya maji iwe mfuko wa nje. Usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi inalainika na betri inazeeka haraka.

Hedifoni za planari, zenye kiwambo bapa na chembamba sana kati ya sumaku, zinahitaji uangalifu zaidi. Usizibandike kichwani kwa kishindo wala kuzibonyeza vikombe vikiwa vimeziba: hewa iliyofungiwa inaweza kukunja kiwambo. Zivae ukitanguliza ukingo wa chini, hewa ipate pa kutokea. Kwa safari, kasha lenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake ndilo linalozifaa.

Kwenye ndege, beba hedifoni mkononi. Mzigo wa chini unarushwa na kulaliwa na masanduku mengine. Pawa benki hairuhusiwi kabisa kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri): zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7, ugawe kwa 1000, hivyo ya mAh 20,000 ni Wh 74. Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu abiria kubeba moja tu, na haitumiki ndani ya ndege. Ichaji hedifoni kabla ya kuondoka nyumbani.

Naitundika hedifoni kwenye msumari ukutani. Kuna ubaya? (Msomaji, Kisumu)

Upo. Msumari unachimba mto wa tao sehemu moja, na alama hiyo haitoki. Tumia kitu cha mviringo chenye upana wa sentimita 4 au zaidi.

HD 600 yangu inatoa mlio wa kuparaza kwenye besi, upande wa kushoto tu. Fundi anasema spika imeungua. (Msomaji, Dodoma)

Kabla hujanunua spika, tafuta unywele. Uzi mmoja wa nywele uliopenya ukagusa kiwambo unatoa mlio huohuo. Vuta mto kuanzia ukingoni, utoke. Chini yake kuna kipande chembamba cha sponji, kitoe. Washa taa kwa pembeni, utazame matundu ya kinga ya spika kwa makini. Unywele ukionekana, utoe kwa kibanio kisicho cha chuma, kwani cha chuma kitavutwa na sumaku mpaka kitoboe. Usipulize kwa mashine ya upepo wala kutumia ya kufyonza vumbi, kiwambo hakistahimili. Rudisha sponji na mto mpaka ushike, kisha cheza wimbo uleule kwa sauti ileile. Mlio ukiwa bado upo, badilisha waya wa kushoto na wa kulia: ukihamia kulia, kosa liko kwenye waya au kifaa unachochomekea. Ukibaki kushoto, hapo fundi wako anaweza kuwa na hoja.