Omega-3 kwenye maziwa: aina ya majani au siku ya kukata?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa hapa Rungwe. Nina mabingobingo, majani ya Rhodes na desmodiamu kidogo. Nasikia ng'ombe akila majani mabichi maziwa yake yanakuwa na omega-3 nyingi, yale mafuta yanayosifiwa kwa afya. Kati ya majani haya ni yapi yenye mafuta hayo zaidi, na niyakate lini? Nikiyakausha kwa ajili ya kiangazi, mafuta yanabaki?

Jibu: Marahaba. Umetanguliza aina, lakini mimi naanza na siku ya kukata, maana hapo ndipo wafugaji wengi wanapopoteza.

Malisho hayahifadhi mafuta kwenye mbegu kama alizeti. Mafuta yake yamo kwenye utando wa vichembe vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua, na mara nyingi nusu yake au zaidi ni asidi ya alfa-linoleniki, ndiyo hiyo omega-3. Kwa hiyo mafuta yako kwenye jani. Bua lina kidogo sana. Nyasi changa za nchi za baridi hufikia gramu 20 hadi 30 za asidi za mafuta katika kilo moja ya majani yaliyokaushwa. Nyasi za kitropiki kwa kawaida huwa chini ya hapo, na zote hushuka mmea unaporefusha bua na kutoa maua.

Mabingobingo yakate yakikaribia mita moja, ambayo wakati wa mvua ni kama wiki 6 hadi 8 tangu ulipokata mara ya mwisho. Ukingoja yakupite kichwa utapata mzigo mkubwa, ila mwingi ni bua ambalo ng'ombe ataliacha horini. Rhodes ya hei, yaani ya kukaushwa na kuhifadhiwa, wengi huikata inapoanza kutoa maua. Kama unatafuta omega-3, kata kabla kidogo, ukijua utapata marobota machache. Rudishia samadi shambani kila unapokata, kwa sababu jani lenye naitrojeni ya kutosha huwa la kijani zaidi na lina mafuta zaidi.

Sasa aina. Tumboni mwa ng'ombe bakteria hubadilisha sehemu kubwa ya omega-3, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, kuwa mafuta magumu ya kawaida. Kinachofika kwenye maziwa ni mabaki. Hapo ndipo mikunde inaposaidia: tanini za desmodiamu, yaani kemikali zake zenye ukakasi, zinaweza kupunguza kasi ya bakteria hao, na klova nyekundu, mkunde mwingine wa malisho unaopenda baridi ya nyanda zetu, ina kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia) kinachoyakinga mafuta yake. Changanya desmodiamu na mabingobingo; usimpe peke yake. Baridi nayo ni faida yetu, kwani mmea wa sehemu ya baridi huongeza alfa-linoleniki kwenye utando wake.

Angalia pia mashudu ya alizeti na pumba za mahindi. Mafuta yake ni ya omega-6, aina nyingine ya mafuta, na mashudu ya mashine ndogo za mtaani hubaki na mafuta mengi. Ukizidisha, omega-6 kwenye maziwa inazidi ikilinganishwa na omega-3 na hata kusaga nyuzi tumboni kunadorora. Tena tusidanganyane: laktomita ya kituo cha maziwa, kile kipimo cha uzito wa maziwa, haipimi omega-3, kwa hiyo usitegemee bei ipande. Faida utakayoiona ni kwamba majani machanga yana protini zaidi, na ng'ombe anakamua vizuri.

Kuhusu kukausha: mara tu unapokata, vimeng'enya vya mmea wenyewe huanza kuvunja mafuta, na kadiri unavyokawia kukausha ndivyo yanavyopotea. Desmodiamu ndiyo mbaya zaidi, majani yake hupukutika ukiigeuzageuza juani, unabaki na vijiti. Kwa ukungu na mvua za Rungwe, hei nzuri ni bahati. Mimi ningechagua saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa. Nyausha mabingobingo nusu siku, yakate vipande vya sentimita 2 hadi 3, nyunyiza molasi, shindilia shimoni hadi hewa itoke, kisha funika kwa nailoni usiache tundu. Ukishafungua shimo, chukua ya siku hiyo tu na kufunika tena, kwa sababu hewa ikiingia yanaharibika haraka.