Ukivuka Mpaka kwa Gari, Laini ya Kenya Isitoke Kwenye Simu

Kila Desemba ikikaribia, majirani na wafanyakazi wenzangu hapa Nairobi huanza kuniuliza: "Tunaenda Kampala kwa gari, tununue laini gani?" "Nikifika Arusha, ramani itafanya kazi?" Njia hizo mbili nazijua, ya Malaba na ya Namanga, na nikipata likizo ndefu huteremka hadi Kigali. Jibu langu huwaudhi wengi kwa sababu halianzi na data. Linaanza na pesa.

Mkenya akivuka mpaka, kitu cha kwanza anachohitaji ni namba yake ya kawaida iwe hai. Namba hiyo imebeba M-Pesa. Imebeba benki. Ukilipia chumba cha hoteli mtandaoni kwa kadi, benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na muda wake ni mfupi. Ikiwa laini umeitoa na kuifunga kwenye tishu ndani ya droo ya gari, malipo yamekwama na mhudumu wa mapokezi anakutazama. Ramani unaweza kuipakua wiki nzima kabla ya safari. Namba ya uthibitisho haipakuliwi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mengine yote yanaufuata: laini ya Kenya isitoke kwenye simu. Data itafutiwe mahali pengine.

Simu nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue zina nafasi mbili za laini, hata zile za bei ya chini. Kagua tu ile trei ndogo kabla ya safari. Zipo simu ambazo nafasi ya pili inagombaniwa na kadi ya memori: ukiweka laini, memori inatoka, na kama ulihifadhi humo katuni za watoto, andaa masikio yako kuanzia Naivasha. Hamisha vitu mapema.

Sasa mipangilio. Romingi ni ruhusa ya laini yako kutumia mitambo ya kampuni ya nchi nyingine, nayo iko ya aina mbili: ya kupiga simu na SMS, na ya data. Watu huzichanganya. Ya kwanza iwe imewashwa, na uhakikishe na kampuni yako ukiwa bado Nairobi, maana kuiomba ukiwa ng'ambo na laini haishiki mtandao ni kazi ya kuchosha. Ya pili, ile ya data, izime kwenye simu yenyewe kabla hujafika mpakani. Bando ulilonunua kwa matumizi ya Kenya kwa kawaida halivuki mpaka. Unaweza kuwa na gigabaiti kadhaa zimelala hapo, na bado simu ikichota data upande wa Uganda wa Busia itakula salio la kawaida. Wala haikuulizi. WhatsApp inapakua video za kikundi cha harambee, picha zinajipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, programu zinajisasisha, yote haya wakati wewe uko dirishani unagongewa muhuri.

Kampuni za Kenya huuza mabando ya romingi pia, na kwa safari ya kwenda na kurudi mwisho wa wiki sioni ubaya wowote. Utalipa zaidi kuliko mwenyeji, lakini hutapoteza asubuhi dukani. Safari ikirefuka kupita hapo, nunua laini ya nchi uliyomo.

Kwa upande wa sauti mambo ni mepesi zaidi, angalau ukielekea magharibi. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoa tozo ya kupokea simu kwa wasafiri wa nchi hizo, na Sudan Kusini ikaingia katika mpango huo huo. Kwa hiyo mama akikupigia ukiwa Mbarara, pokea, ongea. Tanzania haikuwemo mpango ulipoanza, hivyo kabla ya kwenda Arusha uliza kampuni yako bei ya kupokea na ya kupiga.

Kuhusu M-Pesa kuna jambo linalowashangaza wengi. Huduma ya Kenya ilianza 2007 chini ya Safaricom, ya Tanzania ikafuata 2008 chini ya Vodacom. Jina ni moja, lakini akaunti ni mbili tofauti. Salio lako la Nairobi halimfai wakala wa Arusha hata kama bango lake linafanana na la wakala wa mtaani kwenu. Kinachowezekana ni kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda namba ya Vodacom Tanzania, au namba ya MTN ukiwa Uganda au Rwanda, kisha utoe pesa za huko kwa wakala wa huko. Ndiyo maana laini ya mwenyeji uliyoisajili kwa jina lako ina faida mbili: inakupa data, na inaweza kupokea pesa zako mwenyewe. Kabla ya kuondoka jaribu kutuma kiasi kidogo kwa mtu unayemfahamu huko, uone hatua zake na makato yake.

Hapo kwenye kusajili ndipo safari nyingi huchelewa. Mkenya anaruhusiwa kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo wengi huacha pasipoti nyumbani. Mimi hubeba pasipoti hata hivyo, kwa ajili ya duka la simu na si kwa ajili ya mpaka. Mgeni anaposajili laini, hati inayofahamika haraka ni pasipoti. Tanzania wana usajili wa alama za vidole tangu 2019, na huwezi kumtuma mtu mwingine na kidole chako. Ni wewe mwenyewe uende.

Mpakani utafuatwa na vijana wenye laini zilizokwisha kusajiliwa, za bei poa, zenye bando ndani. Nawashauri watu wazipite. Laini ile ina jina la mtu usiyemjua. Ikifungwa huna pa kulalamika, ikitumika kwa utapeli kabla yako au baada yako jina si lako lakini simu ni yako, na pesa ukiziweka humo, akaunti ni ya huyo aliyesajiliwa. Nenda duka la kampuni lenye rangi zake na wafanyakazi wake. Kama mpakani kuna foleni, endelea mpaka mjini. Kutoka Namanga hadi Arusha ni kama kilomita 110 za lami nzuri, na njia yenyewe haina kona ya kukupoteza.

Kampuni gani? Uganda na Rwanda ushindani mkubwa ni kati ya MTN na Airtel. Tanzania wako Vodacom, Airtel, Halotel, na ile iliyokuwa Tigo ambayo sasa inaitwa Yas. Sipendi kumwambia mtu nunua hii, kwa sababu kampuni yenye kasi katikati ya Kampala inaweza kuwa bubu kwenye milima ya Kabale. Muulize dereva wa lori anayepita njia yako. Anakaa barabarani mwaka mzima, na huwa anajua mahali hasa ambapo mtandao unakatika. Akiwa na laini mbili, mwulize ni ipi anaitumia usiku.

Ukishaweka laini mpya, WhatsApp inaweza kukuuliza kama umebadilisha namba. Kataa. Akaunti yako itaendelea na namba ya Kenya huku ikitumia data ya laini ya mwenyeji, na hakuna mtu kwenye kikundi cha familia atakayejua tofauti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uchague laini mpya iwe ya data peke yake, na ile ya Kenya ibaki ya simu na SMS. Zima pia ile huduma ya simu kuruka yenyewe kwenda laini ya pili data ikidorora. Kwenye baadhi ya simu huduma hiyo huja ikiwa imewashwa, na inaweza kukurudisha kwenye romingi bila taarifa.

Halafu kuna ukanda wa mpaka wenyewe, na hapa wasafiri hawaambiwi vya kutosha. Mawimbi ya simu hayasimami kwenye geti la forodha. Ukiwa Loitokitok, mji wa Kenya ulio karibu na mpaka, unaweza kupokea ujumbe wa kukukaribisha Tanzania, kwa sababu mnara wa upande wa pili una nguvu zaidi pale uliposimama. Kinyume chake pia hutokea: umevuka Namanga na simu bado imeng'ang'ania mnara wa Kenya. Kule Katuna, barabara inapozunguka vilima kuingia Rwanda, simu huweza kuhama nchi na kurudi ndani ya safari fupi. Dawa yake ni kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu, mpaka utakapokuwa umeuacha mpaka nyuma. Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, kwa hiyo saa ya simu inayojirekebisha yenyewe nayo itayumba hapo. Kama una miadi Kigali, angalia saa ya gari kwanza ukokotoe. Na kumbuka Rwanda wanaendesha upande wa kulia; sauti ya ramani inayokuambia uingie vipi kwenye mzunguko ina thamani kubwa pale kuliko mahali pengine popote njiani.

Ramani, basi. GPS haitumii bando. Simu inasikiliza satelaiti moja kwa moja. Data inatumika kuleta picha ya ramani, hali ya msongamano, na kuharakisha simu kujua ilipo mwanzoni. Ukipakua eneo lote la njia yako kwenye Google Maps ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, utaongozwa hadi Kigali hata bila mtandao. Utakachokosa ni habari za foleni. Mimi huweka pia Organic Maps, inayotumia data ya OpenStreetMap, kwa sababu mara nyingi ina vijia vya vijijini ambavyo ramani nyingine haina. Pakua nchi nzima, na pakua pia ile unayopita tu. Lakini usiamini muda wa kufika unaopewa. Ramani haijui kwamba malori yamepanga msururu Malaba.

Jambo jingine ni kwamba intaneti ya jirani si ile ile ya nyumbani. Uganda iliifungia Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na kwa siku kadhaa intaneti yote ilizimwa. Uchaguzi ukapita na miaka ikapita, Facebook ikabaki imefungwa. Anayeendesha biashara kwenye ukurasa wa Facebook apange nani atajibu wateja akiwa safarini. Tanzania nayo ilizima intaneti uchaguzi wa Oktoba 2025, na tangu 2023 mamlaka ya mawasiliano kule inataka watumiaji wa VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye mitambo ya mahali pengine, waitangaze, kwa hiyo usiiwashe kwa mazoea ya Nairobi. Data ya romingi kwa kawaida hurudi kupitia mitambo ya kampuni ya nyumbani, ndiyo maana wakati mwingine ukurasa uliofungwa kwenye laini ya mwenyeji hufunguka kwenye laini ya Kenya. Lakini mitambo ikizimwa kabisa, laini zote ni sawa. Mwezi wa uchaguzi wa nchi yoyote jirani, mimi hutembea na pesa taslimu za kutosha mafuta ya kurudi nyumbani.

Kuhusu eSIM, ile laini isiyo na kadi, nasema kidogo tu: ni nzuri kama simu yako inaikubali, unainunua ukiwa kitandani. Nyingi zinazouzwa kwa watalii ni za data peke yake, hazina namba, hivyo hazipokei pesa.

Ndani ya gari, laini moja yenye hotspoti inatosha abiria wote, mradi mtoto wa nyuma asifungue YouTube. Simu ya hotspoti isiwekwe juu ya dashibodi. Jua la Kajiado la saa nane likipita kwenye kioo huipasha moto mpaka inakataa kuchaji, na ikizidi inajizima ikiwa inaongoza njia. Ishikizwe kwenye tundu la hewa baridi, na waya wa chaji uwe mzima. Simu kuukuu iliyoachwa kwenye kabati inafaa kazi hii kuliko simu yako mpya.

Ukirudi Kenya, rudisha uchaguzi wa mtandao uwe wa kujiendesha, la sivyo utafika Kitengela ukidhani laini imeharibika. Laini za huko mimi huzihifadhi kwenye bahasha moja na pasipoti, kila moja na namba yake imeandikwa. Zikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huzifunga, kwa hiyo usiache salio la maana humo.