Omeprazole ya usiku na pampu za protoni: jibu kwa mdau wa Ujiji

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini kiungulia hakikuachi ilhali kila usiku unameza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) ya 20 mg baada ya ugali wa muhogo na migebuka, na kama ni kweli dawa hiyo "inazima pampu zote za protoni mwilini". Jibu ni moja kwa yote mawili.

Pampu za protoni, yaani za kusukuma chembe za hidrojeni zinazoleta asidi, zimejaa mwilini. Zile za kwenye mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, husukuma protoni upande mmoja wa utando, na protoni hizo zikirudi huzungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, nishati inayotumiwa na seli. Zikizimwa hizo, hufiki asubuhi. Za tumboni ni aina nyingine: hutoa protoni na kuingiza potasiamu kwa gharama ya ATP, mpaka asidi inafikia pH 1 hivi (pH ikiwa ndogo, asidi ni kali) wakati damu iko 7.4. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara milioni.

Sasa, omeprazole unayomeza bado haina makali. Hupita tumboni ikiwa imefunikwa, hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, huzunguka na damu, na huamka pale tu inapokuta asidi kali, yaani kwenye vifereji vya seli za tumbo ambazo pampu zake ziko kazini. Hapo hung'ang'ania pampu bila kuiachia. Mitokondria haziguswi.

Kosa liko kwenye saa. Ukiwa na njaa, pampu nyingi hulala ndani ya seli. Chakula ndicho kinachozitoa. Ukimeza umeshashiba, dawa inacheleweshwa, inafika pampu zikiwa zinarudi kulala, na ndani ya saa chache ini limeshaiondoa.

Meza asubuhi kwa maji, dakika 30 hadi 60 kabla ya kunywa chai, na chai iwe na kitafunwa. Chai kavu haiziamshi pampu vya kutosha. Usisage chembechembe za kapsuli, asidi itaiharibu dawa njiani. Ipe siku 3 hadi 5, maana kila dozi hukamata zile pampu zilizo kazini tu.

Ukienda kupima H. pylori (bakteria wa tumboni) kwa choo, iache wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna kumbe unao. Ukiwa umeitumia miezi mingi, punguza taratibu, usiikate ghafla: asidi hurudi kwa kishindo. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi, ukikonda au chakula kikikwama kooni, achana na duka la dawa, nenda hospitali.