Oili kwa gari lililokula kilomita nyingi: maswali yenu

Gari langu la petroli limefika kilomita 240,000. Kitabu chake kinasema 5W-30, lakini fundi anataka aniwekee 20W-50 kwa kuwa injini imechoka. Nimkubalie?

Muulize kwanza imechoka vipi. Kama haili oili, haitoi moshi na taa ya presha haiwaki, baki na 5W-30. Kilomita nyingi peke yake si ugonjwa.

Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye joto hilo oili ya 30 ina mnato wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, na ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Kutoka 30 kwenda 50, basi, umeruka ngazi nzima. Asubuhi oili nzito namna hiyo huchelewa kupanda hadi kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazosaga injini. Kama injini yako ina VVT (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka), matatizo huongezeka: mfumo huo husogeza kamshafti kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba, na oili ikiwa nzito mno utendaji wake huwa wa kuchelewa, hata taa ya injini ikawaka.

Ikithibitika kwamba gari linakula oili, panda ngazi moja tu: 5W-40 au 10W-40. Penye baridi kali usiongeze namba ya W. 20W-50 iachie injini ambazo kitabu chake kinaitaja. Magari mengi ya zamani yana jedwali linaloonyesha uzito unaofaa kulingana na joto la mahali, na wengi hawajawahi kulifungua.

Nitajuaje kama gari linakula oili au linavuja tu?

Pima. Simamisha gari pahali tambarare, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke, chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena usome. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, upime tena baada ya kilomita 1,000. Kwenye magari mengi nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Usiku tandika kadibodi chini ya injini: madoa yatakuonyesha inavujia wapi.

Kadibodi ikiwa safi na oili inapungua, angalia moshi wa bluu. Ukitoka kwa wingi unapowasha gari lililolala, kisha ukaisha, shuku sili za valvu (mipira inayozuia oili isipite). Vivyo hivyo ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu umeachia pedeli. Ukitoka unapopandisha gari likiwa na mzigo, ringi za pistoni zimelika au zimeganda kwa uchafu.

Kabla hujakubali injini ifunguliwe, kagua vali ya PCV, inayotoa hewa chafu tumboni mwa injini. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo kuliko kazi yoyote ya ringi, lakini ikiziba hewa hujaa tumboni mwa injini na kuisukuma oili nje kupitia sili, au kuiingiza inakochomwa. Tumeona injini zikifunguliwa bure mara nyingi mno kwa kosa hili dogo.

Oili zilizotengenezwa mahususi kwa magari yenye kilomita nyingi zinasaidia kweli?

Zinasaidia pale tatizo ni sili zilizokakamaa. Zina viungo vinavyolainisha mpira na kuuvimbisha kidogo, na kwa kawaida visafishaji vingi zaidi. Usitarajie matokeo kesho yake. Ziache zifanye kazi kwa muda wote wa oili hiyo. Gasketi iliyochanika au sili iliyokatika haiponi kwa oili yoyote.

Nimeambiwa sintetiki huvujisha injini kuukuu.

Sintetiki za mwanzo, miaka ya 1970, zilisumbua baadhi ya sili. Za leo zimerekebishwa. Kinachotokea sasa ni kwamba oili nzuri husafisha utope uliokuwa umeziba ufa, na uvujaji uliokuwepo tangu zamani unajitokeza.

Injini ina utope mweusi chini ya kifuniko. Nitumie dawa ya kuisafisha kwa dakika chache kabla ya kumwaga oili?

Hapana, kama utope ni mwingi. Dawa hiyo hubandua mabonge kwa pamoja, yakashuka hadi kwenye wavu wa pampu ulio ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuuziba. Presha ikikatika, beringi za krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) huungua haraka. Afadhali utumie oili nzuri na uimwage kila kilomita 3,000, mara mbili au tatu mfululizo, na filta mpya kila mara. Mwaga injini ikiwa vuguvugu. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta, ifunge kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Weka na wosha mpya (kipete cha kuzibia) kwenye boliti ya kumwagia.

Taa ya oili inamulika nikisimama kwenye foleni, nikikanyaga mafuta inazima.

Zima injini upime kiwango. Kama kiko sawa, usiendelee kuendesha kwa matumaini. Fundi achomoe swichi ya presha na kufunga geji ya kawaida hapo, injini ikiwa na moto. Geji ikionyesha presha ya kutosha kwa mujibu wa kitabu, swichi ndiyo mbovu. Ikionyesha ndogo, ama wavu umeziba, ama pampu au beringi zimelika. Oili nzito inaweza kuizima taa hiyo, lakini beringi zitabaki zimelika.

Nina oili ya dizeli iliyobaki. Naweza kuiweka kwenye petroli?

Soma nyuma ya chupa. Alama inayoanza na S ni ya petroli (SL, SN, SP), inayoanza na C ni ya dizeli. Ikiandikwa zote mbili, mfano CI-4/SL, na uzito ukikubaliana na kitabu chako, weka. Kama hakuna S, isitumike.

Nikiongeza oili ya chapa nyingine barabarani kuna madhara?

Kidogo sana, mradi uzito na alama ya S vikaribiane. Usijaze kupita alama ya juu tu: krankshafti hufikia oili na kuipiga hadi ikawa povu, na povu halishiki presha.