Kijana mwenye disleksia: shahada au uanagenzi?

SWALI: Mwanangu wa miaka 17 ana disleksia. Ukurasa mmoja humchosha, lakini redio iliyokufa huifungua na kuirudisha ikiwa inaongea. Je, asomee shahada ya uhandisi, au ajifunze umeme chini ya fundi?

JIBU: Mzazi mwenzangu, disleksia ni ugumu wa kuhusisha sauti na herufi wala si kipimo cha akili, kwa hiyo shahada usiifute mapema. Kabla ya kuvutiwa na jina la kozi, ulizeni wanafunzi wanavyopimwa, kwa kuwa kozi inayotegemea mitihani mirefu ya kuandika na ile inayopima kwa miradi na maelezo ya mdomo ni njia mbili tofauti kabisa kwake, hata zikiitwa jina moja. Ulizeni pia kuhusu muda wa ziada na programu za kusoma maandishi kwa sauti. Mara nyingi mtadaiwa ripoti ya mtaalamu, basi itafuteni sasa.

Uanagenzi nao hauna kinga dhidi ya karatasi, ingawa wengi hudhani unayo: fundi umeme husoma kanuni za usalama na kujaza fomu za ukaguzi. Mwombee nafasi ya kujaribu kazi siku chache karakanani. Akinakili 61 mahali pa 16, ajizoeze kutamka kipimo kwa sauti kabla ya kukata waya.

Mimi ningeanza na uanagenzi wenye cheti kinachotambuliwa na vyuo. Hata hivyo, barua yako haikutaja anachotaka yeye mwenyewe, muulize kwanza.