Maswali ya Wasomaji: Plaizi ya kukunja ya bei ya kawaida

Mwezi huu tumekusanya maswali yanayohusu kifaa kimoja: plaizi ya kukunja, ile ambayo ndani ya mipini yake mna kisu, bisibisi, tupa na vinginevyo, pamoja na ndugu yake mdogo, kisu cha mfukoni chenye vifaa.

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Nina shilingi 50,000, nataka plaizi ya kukunja ya kutembea nayo kila siku. Dukani nimeonyeshwa mbili za bei moja. Moja ina vifaa 18, nyingine ina tisa. Ya kwanza imeandikwa "Stainless" tu, ya pili imeandikwa 3Cr13. Nichukue ipi, na nitajuaje kama ni nzima?

Bei ikiwa moja, chukua yenye tisa, mradi ifaulu majaribio tutakayoyataja. Vifaa 18 ndani ya mipini ya ukubwa uleule maana yake kila kimoja ni chembamba, na bisibisi nyembamba hujipinda siku ya kwanza inapokutana na skrubu iliyokaza. Isitoshe, hesabu ya kwenye boksi hujazwa: tundu la kupitishia kamba huhesabiwa, mistari ya rula huhesabiwa, pengo la kufungulia chupa huhesabiwa. Hesabu mwenyewe vile utakavyovitumia. Kwa watu wengi ni vitano: mdomo wa plaizi, kikata waya, kisu, bisibisi ya nyota na bisibisi bapa. Hivyo ndivyo vya kuvikagua.

Neno "Stainless", yaani chuma kisichoshika kutu upesi, peke yake halikuambii lolote kuhusu ubora. Maandishi 3Cr13 yanakuambia kitu: ni chuma cha mtindo wa China chenye kaboni kama asilimia 0.3 na kromiamu kama asilimia 13. Kaboni ndiyo inayokipa kisu ugumu wa kushika makali, kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Kwa hiyo 3Cr13 ni chuma cha wastani: makali yake hayadumu sana, lakini kinanoleka upesi hata kwa kinoo cha kawaida. Ukikuta 2Cr13, kaboni imepungua. Kinafaa kwa mipini, kwa kisu ni laini mno. Ukikuta 5Cr15MoV, yenye kaboni zaidi, kwa bei hiyo, hiyo ndiyo ya kuchukua. Lakini mhuri unaweza kugongwa na yeyote, kwa hiyo amini mikono yako zaidi.

Omba dakika tano dukani, na nenda na kipande cha karatasi nyepesi kama ya risiti, pamoja na skrubu moja ya pikipiki yako.

Funga mdomo wa plaizi, uinue kwenye mwanga. Ncha mbili zinatakiwa zigusane barabara na kukaa sambamba. Mwanga mdogo ukipita nyuma ya ncha si kasoro, plaizi nyingi nzuri zimetengenezwa hivyo ili zibane vizuri mbele. Kasoro ni ncha moja kukaa pembeni ya mwenzake. Hiyo haitashika waya mwembamba kamwe, na hakuna namna ya kuirekebisha nyumbani. Kisha shika mipini na uchezeshe mdomo kushoto na kulia. Mtikisiko mdogo unavumilika. Ukisikia mlio wa chuma kugonga chuma, irudishe.

Sasa weka karatasi kwenye kikata waya, ukate. Ikikatika safi toka mwanzo hadi mwisho wa makali, kikata kinakutana. Karatasi ikikunjamana na kuingia katikati, nyuzi za shaba za waya nazo zitakunjamana hivyohivyo, utabaki unazitafuna badala ya kuzikata. Jaribio hili ndilo linaloangusha plaizi nyingi za bei nafuu, na ndilo wanunuzi wengi hawalifanyi.

Fungua kisu. Kama kina loki, yaani kizuizi cha kukizuia kisijikunje, geuza mgongo wa kisu uukandamize polepole kwenye ukingo wa meza, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya kujikunja. Loki ikiachia hapo, itaachia na kidoleni. Halafu ingiza bisibisi ya nyota kwenye skrubu uliyokuja nayo. Nyingi za bei nafuu, na hata baadhi za bei kubwa, si nyota kamili bali ni bapa iliyochongwa ncha. Hushika skrubu ya juujuu lakini huteleza kwenye iliyozama. Mwisho, fungua kila kifaa kwa ukucha. Kinachohitaji kifaa kingine ili kifunguke hutakitumia, na kinachodondoka chenyewe ukiitikisa kitakukata.

Ukiweza kuchagua, chukua iliyoungwa kwa skrubu kuliko iliyogongwa ribiti. Skrubu zikilegea unazikaza. Ribiti ikilegea ndiyo basi.

Tunaomba uzingatie mambo mawili ya pikipiki. Plaizi ya kukunja haichukui nafasi ya spana. Mdomo wake ukibana nati hula pembe zake, na nati iliyokuwa ya kufunguliwa kwa spana sekunde kumi inageuka kazi ya patasi na nyundo kwa fundi. Bakiza chini ya kiti spana namba 10, 12 na 14 pamoja na ile ya plagi. La pili, usikate waya wa klachi wala wa breki kwa kikata chake. Huo ni chuma kigumu, si shaba. Utaacha pengo kwenye makali, na kuanzia hapo hata jaribio la karatasi halitafaulu. Kazi yake halisi kwako ni kuvuta waya wa klachi unaporekebisha, kutoa klipu ya kiungo cha cheni, kukaza skrubu za kava na kukata kamba za mzigo.

Na ukiuziwa plaizi yenye jina la Leatherman, ya ukubwa kamili na mpya, kwa shilingi 50,000, jua ni bandia. Kampuni hiyo ya Portland, Marekani, iliyoanza kuuza plaizi yake mwaka 1983, hutoa dhamana ya miaka 25, na bandia haimo kwenye dhamana hiyo. Afadhali plaizi ya China yenye jina lake yenyewe kuliko ya China yenye jina la kuazima.

Naishi Mombasa karibu na bahari. Plaizi yangu iliandikwa haishiki kutu, lakini ina madoa ya kahawia na bisibisi mbili zimekwama. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Chuma cha namna hii hujikinga kwa utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu. Chumvi iliyomo kwenye hewa ya pwani na kwenye jasho hutoboa utando huo kidogo kidogo, ndiyo maana unaona madoa ya nukta-nukta. Vijiko vyako haviumwi upesi hivyo kwa sababu vijiko vizuri vina kromiamu kama asilimia 18 pamoja na nikeli. Chuma cha kisu hakiwezi kutengenezwa hivyo, kingekosa makali.

Fungua kila kifaa kinachokubali kufunguka, uiloweke plaizi yote kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa robo saa. Sugua maungio kwa mswaki mkuukuu, huku ukifungua na kufunga ndani ya maji mpaka weusi uishe kutoka. Bisibisi zilizokwama zipulizie WD-40, ile dawa ya kopo ya kulegezea vyuma, uache usiku kucha, usizigonge. Madoa yasugue taratibu kwa stilwaya laini yenye mafuta kidogo, ukiepuka makali. Suuza kwa maji matamu. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi huko kwenu, yatakurudisha ulikoanzia.

Futa, kisha iache wazi mbele ya feni au juani kwa saa nzima. Baadaye weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ungio, fungua na funga mara 20, ufute yanayochuruzika. Mafuta yakizidi hukusanya vumbi. Mafuta ya kupikia usitumie kabisa: yanaganda yakawa kama gundi, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya vifaa kukwama. WD-40 nayo husaidia kufukuza maji na kulegeza, lakini haikai. Usiitegemee peke yake.

Hapo pwani rudia mafuta kila wiki mbili. Ukikata embe au ndimu, osha kisu palepale. Na usiihifadhi ndani ya kifuko kilicholowa jasho.

Nafanya kazi ofisini Nairobi. Nahitaji kitu kidogo cha mkobani: kukata uzi, kufungua maboksi, kukaza skrubu za miwani. Lazima kiwe na plaizi?

Hapana, dada. Plaizi ndiyo inayoleta uzito, na hukuitaja hata kazi moja inayoihitaji. Victorinox Classic SD ya Uswisi ina urefu wa milimita 58 ikiwa imefungwa na uzito wa gramu 21 hivi. Ina kisu kidogo, mkasi, tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi, kibano na kijiti cha meno. Mkasi wake ndio thamani yake. Kwa miwani, ncha hiyo ya bisibisi ni pana mno. Skrubu za miwani nyingi zinataka ncha ya kama milimita 1.5. Victorinox wanauza bisibisi ndogo sana inayokaa ndani ya kizibuo cha visu vyao vya milimita 91 kama Spartan. Usipotaka kisu kikubwa hivyo, nunua bisibisi ya miwani peke yake, uifunge kwenye funguo. Kumbuka pia walinzi wanaokagua mikoba kwenye malango: wengine watakuomba ukiache.

Naweza kukatia waya wa umeme wa nyumbani?

Waya wa shaba wa milimita 1.5 au 2.5 za mraba inaukata bila shida, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na umehakikisha kwa testa. Waya wenye umeme, kamwe. Mipini ni chuma kitupu na volti ni 230 au 240. Plastiki ya mapambo kwenye mipini si kinga. Vifaa vya fundi umeme vina alama ya 1000 V, na plaizi hizi za kukunja hazina.

Nipo Birmingham, nataka kununua huku, nitembee nayo, kisha nije nayo nyumbani Desemba. Sheria inasemaje?

Uingereza inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62, bila kuulizwa sababu. Kikiwa na loki, hata kiwe kifupi kiasi gani, unatakiwa uwe na sababu ya msingi, kwa mfano unakwenda nacho kazini, na ni wewe wa kuithibitisha. Kujilinda haikubaliwi kuwa sababu. Plaizi nyingi za kisasa, kama Leatherman Wave+, visu vyake vina loki. Soma maelezo kabla ya kulipa. Visu vya Victorinox vya milimita 58 na 91 havina.

Safarini, iweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, imefungwa na kuviringishwa ndani ya nguo ili mkaguzi asijikate. Kagua begi la mkononi usiku kabla ya safari, hasa mfuko mdogo wa mbele. Ikikutwa kwenye ukaguzi wa abiria hutarudishiwa.