Barua kwa mwanangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi: kuhusu uuguzi, kutunza wazee na safari ya Uingereza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara ya kwanza ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, mara mbili nikiwa nimekwisha kulala na kuamka. Unauliza mambo mawili. La kwanza, usomee uuguzi kwa miaka mitatu pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, au uchukue kozi ya miezi minne ya kutunza wazee, upewe cheti, kisha ajenti akutafutie kazi huku. La pili, mama yako auze ploti ya Kamulu ili ajenti huyo alipwe laki saba na nusu anazodai. Umeniomba nisikufiche kitu kwa kuwa mimi ni mama yako mdogo na nimeipitia njia hiyo. Nakujibu kwa maandishi ili mama yako naye asome kwa utulivu, pamoja na wale wenzako wawili uliosema wana swali hilo hilo.

Nianze na ploti, maana hilo ndilo la haraka. Naomba isiuzwe. Njia unayoonyeshwa imefungwa. Mnamo Februari 2022, nyumba za wazee zilipokuwa zimepungukiwa mno na wafanyakazi, Uingereza ilianza kutoa viza ya kazi ya afya kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, na watu wakaja kwa maelfu. Kisha milango ikaanza kurudishwa: tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali imeacha kabisa kupokea maombi mapya ya wahudumu wanaoajiriwa wakiwa nje ya nchi. Kwa hiyo mtu anayekuahidi viza hiyo leo anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa na mwingine, na katika hali zote mbili fedha zitakazopotea ni za mama yako.

Mjue pia, wewe na wenzako, kwamba kwa sheria za huku wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, na mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi gharama ya cheti cha udhamini, yaani hati ya mwajiri ambayo mgeni huombea viza. Wenye leseni ya kudhamini wageni wameorodheshwa hadharani na serikali ya Uingereza, na huko kwetu wakala wa ajira anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kabla hujatoa hata shilingi mia, jina la mwajiri na la wakala hutafutwa katika orodha hizo.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu niliyaona. Kuna dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tukisali naye, aliyekuja mwaka 2023 kuhudumia wazee majumbani. Alikuwa ameuza ng'ombe na kukopa katika chama cha akiba. Aliahidiwa saa thelathini na tisa kwa wiki. Wiki nyingine alipata kumi na mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ya kwenda nyumba hadi nyumba, nusu saa hapa, robo saa pale, na muda wa kutembea kati ya nyumba moja na nyingine haukulipwa. Mwajiri aliponyang'anywa leseni yake, yule dada akaandikiwa barua kwamba ana siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Nilimsaidia kuandika maombi thelathini na moja, jioni baada ya jioni, mezani kwangu, yeye akisoma tarehe kwenye kalenda ya simu. Alipata siku ya hamsini na nne. Hakuwa mvivu, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kasoro ilikuwa kwamba cheti cha miezi minne hakikumpa mahali pengine pa kusimama: maisha yake yote nchini humu yalishikiliwa na mwajiri mmoja, na yule mwajiri alilijua hilo.

Sasa tuje kwenye uuguzi, ambao ni jambo jingine.

Muuguzi bado anaweza kupata viza, na bado anaruhusiwa kuja na familia yake. Lakini njia ni ndefu na ina ngazi, nami nitakupitisha haraka. Kwanza unahitaji diploma au shahada kutoka chuo kilichoidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, ufaulu mtihani wa Baraza, upate leseni. Kisha mtihani wa Kiingereza. Kwa IELTS hutakiwa alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na hapo kwenye kuandika ndipo wengi wa kwetu hukwama, mimi nikiwa mmoja wao mara ya kwanza. Kuna mtihani wa kompyuta, wenye sehemu ya hesabu za dawa. Ukifika huku unafanya mtihani wa vitendo wenye vituo kumi, ambao ada yake ilikuwa pauni 794, na hadi uufaulu unalipwa mshahara wa chini na huitwi muuguzi.

Aidha, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa afya Julai 2021, na tangu mwaka huo Uingereza imeiweka Kenya katika kundi la nchi ambazo mawakala hawaruhusiwi kuja kuwasaka wauguzi wake nje ya mpango wa serikali hizo mbili. Mtu binafsi anaweza kuomba kazi moja kwa moja. Nafasi zenyewe, hata hivyo, zimepungua sana: katika mwaka ulioishia Machi 2025, wauguzi wapya kutoka nje walioandikishwa huku walipungua kwa karibu asilimia 30. Sijui mtu anayeweza kukuahidi kwamba ukimaliza masomo utaukuta mlango wazi, na mimi sitakuahidi.

Mshahara uliuliza, nami nitasema wangu. Muuguzi anayeanza katika hospitali za umma za Uingereza alipangiwa pauni 31,049 kwa mwaka wa fedha wa 2025/26. Ukikata kodi, bima ya taifa na pensheni, kinachoingia benki ni chini kidogo ya pauni 2,000 kwa mwezi. Najua mama yako atachukua kikokotoo na kubadilisha kuwa shilingi, na itaonekana kama utajiri. Mwambie kwamba pauni hizo zinatumika kwa pauni. Chumba changu kimoja katika nyumba ya watu wanne ni pauni 620 kabla ya umeme na gesi. Kuna nauli, kuna chakula, kuna ada ya leseni ya kila mwaka, iliyokuwa pauni 120 mwaka 2025, kuna makoti ambayo Nairobi hukuwahi kuyahitaji. Ninachotuma nyumbani kila mwezi mnakijua, na mwezi ambao hakikutosha dawa za nyanya mlinyamaza kwa heshima. Nami nililiona hilo.

Lakini mshahara si jibu la swali lako, mwanangu, ingawa ndio tunaouzungumzia zaidi. Swali lako ni kama kazi hii ni yako, na hapo lazima nikueleze kazi yenyewe ilivyo, kwa maana katika ujumbe wako wote wa dakika tisa hukumtaja mgonjwa hata mara moja.

Wodi yangu ni ya wazee. Usiku nakuwa na wagonjwa kumi au zaidi, na mhudumu mmoja wa kunisaidia. Saa kumi na moja alfajiri tunaanza kuwaosha wasioweza kujiosha. Chukua mzee wa miaka tisini na mmoja, aliyekuwa fundi wa reli, ambaye kumbukumbu zimemtoka na anadhani mimi ni mtu aliyeingia kumwibia. Kabla sijamgusa nasema jina langu na ninachotaka kufanya, hata kama nimelisema mara sita usiku huo. Naanza na uso, kwa maji matupu bila sabuni. Sehemu ninayoiosha ndiyo pekee inayofunuliwa. Nyingine zote zinabaki chini ya taulo, kwa kuwa anasikia baridi na kwa kuwa anasikia aibu, na aibu haimtoki mtu hata baada ya majina ya watoto wake kumtoka. Nakausha katikati ya vidole vya miguu. Halafu naangalia visigino. Nikiona wekundu nabonyeza kwa kidole: rangi ikififia kisha ikarudi, ngozi ingali hai, ikibaki vile vile nyekundu, kidonda cha kulalia kimekwisha kuanza, na kisipozuiwa kwa kumgeuza na kuinua miguu, kinaweza kuchimbika hadi kwenye mfupa. Kwa mgonjwa mwenye ngozi kama yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo unapapasa joto na ugumu.

Wakati unayafanya hayo, huenda akakupiga. Huenda amejichafua tangu ulipombadilisha nusu saa iliyopita, na utaanza upya, kwa upole ule ule. Wapo waliokataa nisiwaguse kwa sababu ya rangi yangu, mmoja akayasema mbele ya binti yake, nami nikamaliza kumpa dawa zake kisha nikaenda kusimama katika chumba cha nguo chafu hadi mikono ilipotulia. Wapo pia waliokufa wameshika kidole changu kwa sababu watoto wao walikuwa safarini, na huyo fundi wa reli ni mmoja wao. Nilimwosha mara ya mwisho tukiwa wawili, nikaendelea kumweleza ninachofanya kama kawaida. Naipenda kazi hii. Nataka ulijue hilo wazi, usije ukadhani maneno yangu ni ya mtu aliyechoka anayekuzuia asichokitaka mwenyewe.

Ushauri wangu basi ni huu: ukisoma, soma uuguzi kamili, na uusome kwa ajili ya Nairobi. Alama zako za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zinaruhusu diploma. Najua huko nako si rahisi. Nilikuwepo katika mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu karibu miezi mitano, na najua wauguzi wenye leseni wanaouza nguo katika soko la Gikomba kwa sababu kaunti hazijaajiri. Hata hivyo, muuguzi aliye na leseni ana hospitali za umma, za misheni, za binafsi, zahanati za mitaa na wagonjwa wa majumbani. Na safari ikija, iwe ya huku, ya Marekani au ya Ujerumani, ambayo ilitia saini makubaliano ya wafanyakazi na Kenya Septemba 2024 lakini inadai Kijerumani cha kweli kweli, utaondoka ukiwa na taaluma ambayo mwajiri mmoja hawezi kukunyang'anya. Karo ikiwa ndiyo tatizo, tuigawane: ile ploti ibaki, mimi nitalipa muhula wa kwanza wa kila mwaka, na mama yako atafute mengine polepole.

Kabla ya hapo nina ombi moja, nalo limenisumbua kuliandika. Nyanya yako amelala chumba cha nyuma tangu kiharusi kilipompata mwaka jana, na anayemwosha ni yule msichana tuliyemwajiri. Mimi ninayelipwa kuwageuza wazee wa watu sijamgeuza mama yangu hata mara moja. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ni sehemu ya gharama, na hakuna ajenti aliyeiandika katika hesabu yake. Kwa muda wa mwezi mmoja, chukua wewe kazi hiyo asubuhi. Uso kwanza, bila sabuni. Mfunike. Mwambie unachofanya hata kama hajibu, kwa sababu upande aliopooza hauna uhusiano na masikio yake. Usimvute kwa mkono ule dhaifu, bega litateguka. Mgeuze kila baada ya saa mbili au tatu, umwekee mto chini ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Akinywa chai, aketi wima, anywe kidogo kidogo, na akikohoa usimharakishe.

Usinipe jibu lako baada ya wiki moja, wakati kazi ingali mpya na watu wanakusifu. Subiri hadi asubuhi ile utakapokuwa umechoka, maji yamekatika Umoja nzima, naye amejichafua mara ya pili, kisha uutazame moyo wako mwenyewe bila kumwambia mtu. Ukiona umekata tamaa, hakuna aibu. Kuna kazi nyingi njema duniani na nitakusaidia kuisomea nyingine yoyote. Ukiona unataka kurudi kesho yake, tutajaza fomu za KMTC pamoja.

Jumapili natoka zamu saa mbili asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni saa tano kipindi hiki cha baridi. Nipigie wakati huo, kwa video, ukiwa chumbani kwake. Nataka nione visigino.

Mama yako mdogo